Jiki haiondoi harufu ya choo cha kubeba
Watu wa Nairobi wakienda kupiga kambi Magadi, humwaga jiki kwenye choo cha kubeba wakiamini harufu itaisha. Hapana! Jiki ikikutana na amonia ya mkojo hutoa gesi ya kloramini, inayowasha macho na kukaba koo, na hapo uko ndani ya hema.

Uvundo huzidi mkojo ukichanganyika na kinyesi. Vyoo vya shirika la Fresh Life kule Mukuru, mtaa wa mabanda Nairobi, hutenganisha viwili hivyo, na kinyesi hufunikwa kwa vumbi la mbao. Chukua mfuko wa vumbi hilo kwa mafundi seremala wa soko la Gikomba, umwage hadi kinyesi kisionekane. Mkojo uweke kwenye dumu lenye kifuniko. Ukirudi, usimwage mchanganyiko wa kinyesi na vumbi kwenye choo cha maji, utaziba bomba. Tafuta choo cha shimo.