Kompyuta za kujitolea ni nini, na zahusiana vipi na kutafuta viumbe wa sayari zengine?

Ukiingia saiba yoyote pale Mwembe Tayari, Mombasa, utakuta mashine zimewaka, huyu ajaza fomu za ushuru za KRA, yule asoma imeili, na muda wote huo prosesa ya ndani, ile sehemu ipigayo hesabu, yatumika kidogo sana, nguvu yake nyingi yakaa bure. Sasa kompyuta za kujitolea ni hivi: mwenye mashine aweka programu ndogo, programu ikiona mashine haina shughuli yachukua kipande cha kazi ya wanasayansi kupitia intaneti, yapiga hesabu taratibu, ikimaliza yarudisha jibu na kuchukua kipande chengine. Hulipwi wala hulipi, na hesabu yenyewe si lazima uijue.

Mradi ulioufanya mtindo huu ujulikane dunia nzima ni SETI@home (SETI ni kifupi cha Kiingereza cha kutafuta viumbe wenye akili nje ya dunia) wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Marekani, uliofunguliwa kwa watu wote 17 Mei 1999. Wazo lilitoka kwa David Gedye miaka michache kabla, na kina David Anderson na Dan Werthimer wakalibeba. Walichokuwa wakikitafuta ni mawimbi ya redio kutoka angani yenye dalili ya kutengenezwa na viumbe wenye akili. Nyota na mawingu ya gesi hutoa kelele iliyotapakaa kwenye masafa mengi (masafa ni idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde) kwa pamoja, lakini mtambo wa redio hubana nguvu yake mahali pembamba sana, kwa hivo ukisikia kitu chembamba kimesimama peke yake katikati ya kelele, una sababu ya kukiangalia mara mbili.

Data zenyewe zilitoka kwa darubini ya redio ya Arecibo, Puerto Rico, sahani ya upana wa mita 305 iliyojengwa ndani ya bonde. Walisikiliza karibu na megahezi 1420 (megahezi ni kipimo cha masafa), ambayo ni masafa ya gesi ya haidrojeni, na hapo hawakupachagua ovyo, tangu 1959 wanafizikia Giuseppe Cocconi na Philip Morrison walisema kama kuna mtu huko mbali ataka kusikika basi masafa haya atayajua, manake haidrojeni ndo imejaa ulimwengu mzima. Zikarekodiwa kwenye tepu, na tepu zikatumwa kwa posta mpaka Berkeley kwa sababu intaneti ya Arecibo haikuweza kuubeba mzigo ule. Huko ndo zikakatwa, upana wa megahezi 2.5 ukawa vipande 256, kila kipande kina sekunde 107 hivi za kusikiliza, faili moja karibu kilobaiti 340. Faili kama hio ni ndogo, lakini mashine ya nyumbani ya wakati ule yaweza kuikalia masaa na masaa. Naona hili ndo jambo la kulishika kuliko yote, data kidogo na hesabu nyingi, kazi ikiwa ya aina hii yafaa kusambazwa hata kwa watu wenye intaneti dhaifu.

Na jambo la pili ni kuwa vipande havitegemeani. Mchele wa harusi huku kwetu kina mama huuchagua kila mmoja na sinia yake, wa sinia hii hamngoji wa sinia ile, na wakiongezeka wengine kazi yaisha mapema. Sio kila hesabu iko hivo. Kutabiri mvua ya kesho kwa mfano, anga ya Lamu yategemea anga ya pembeni yake na ile nayo yategemea nyengine, kwa hivo mashine lazima zizungumze kila saa, hapo wataka kompyuta moja kubwa iliyo chini ya paa moja.

Mashine yako ilikuwa yafanya nini masaa yote hayo? Ile sayari ya mbali, kama ipo, yazunguka, na ya kwetu pia yazunguka, kwa hivo masafa ya mawimbi hayatulii, yapanda au yashuka kidogo kidogo, na kwa kuwa hakuna ajuaye kwa kasi gani, programu ilibidi ijaribu kasi moja baada ya nyengine, maelfu, kwenye kipande kilekile. Pia ikiangalia vile nguvu ya mawimbi yapanda na kushuka: darubini ikitulia na anga yapita juu yake, kitu cha angani chachukua kama sekunde 12 kuingia na kutoka mahali inapoangalia. Mtambo wa hapa duniani haufuati mwendo huo, kwa hivo ni njia nzuri ya kuchuja. Halafu kipande kimoja kilipewa zaidi ya mtu mmoja, majibu yakalinganishwa, ili mashine mbovu au mtu mwongo asiharibu kazi.

Waliojiunga walipita milioni 5, na mimi hili lanigusa sana, watu wasiojuana kabisa wametoa mashine zao kwa swali moja. Huku Mombasa nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika 2009, kabla ya hapo intaneti ilikuwa ya satelaiti, ghali, ndo maana wengi wetu hatukuwahi kuusikia mradi ulipokuwa moto.

Tangu 31 Machi 2020 SETI@home haigawi tena kazi. Darubini ya Arecibo nayo iliporomoka 1 Desemba mwaka uo huo. Lakini majibu yaliyokusanywa yaliendelea kuchambuliwa, na sehemu za angani zilizobaki na dalili zikapangiwa kuangaliwa upya kwa darubini ya FAST ya Uchina, yenye upana wa mita 500. Mpaka sasa hakuna ishara iliyothibitishwa.

Mtindo wenyewe u hai. Programu ya BOINC, iliyotoka timu hiohio ya Berkeley, yabeba miradi mingi, mmojawapo ni Einstein@Home, ambao 2010 ulitangaza pulsa mpya, nyota iliyokufa yazunguka kwa kasi, iliyogunduliwa kwenye data za Arecibo na mashine za wajitoleaji wa Marekani na Ujerumani. Watu wa kawaida, majumbani mwao.

Ukitaka kujaribu, ujue prosesa ikifanya kazi kwa nguvu zote yala tokeni za stima na yapata moto, na joto letu la Februari walijua. Ingia kwenye mipangilio upunguze asilimia ya prosesa, weka ifanye kazi usiku tu, na laptopu usiiwache juu ya godoro. BOINC ya simu husubiri simu iwe kwenye chaja na kwenye waifai, kwa hivo bando lako liko salama.