Sehemu inayotukana nayo isalimiwe

Ndugu wanapomleta mgonjwa kwangu, mara nyingi wameshazunguka: kwa mganga, kwa mchungaji, kwa shehe. Kote wameambiwa kuna kitu ndani, kitolewe. Kwa mtu ambaye nafsi yake imegawanyika, kauli hiyo inazidisha hofu.

Mtoto mdogo anayeumizwa mara kwa mara, hasa na mtu wa kumlea, hana pa kukimbilia. Basi akili inagawa mzigo. Sehemu moja inakwenda shule na kucheka na wenzake, nyingine inabaki na woga, nyingine na hasira. Akiwa mtu mzima sehemu hizo zinapokezana, na anakuta kabatini nguo asizokumbuka kununua. Tangu 1994 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani umeacha kuiita hali hii "nafsi nyingi"; sasa unaiita, kwa Kiingereza, Dissociative Identity Disorder, yaani utambulisho uliogawanyika. Mtu ni mmoja. Wengi hupewa dawa za skizofrenia, ugonjwa mwingine wa akili, kwa sababu wanasikia sauti, ilhali dawa ya hali hii yenyewe haipo. Vidonge husaidia sonona au usingizi tu.

Na si kila anayepandisha ni mgonjwa. Ngoma ya pepo iliyoanza na kuisha kwa taratibu zake, mtu akarudi kwake salama, hainihusu.

Sehemu inayotukana ndiyo inayoogopwa na kila mtu. Mimi huisalimia. Chukua mfano huu, nimeubadilisha asitambulike mtu: sauti ya mteja inakuwa nzito ghafla, ananiambia, "Usimguse huyu mjinga." Namjibu, "Simgusi. Karibu. Umemlinda muda mrefu, eh?" Ananyamaza, kisha: "Tangu kule jikoni." Siulizi jikoni kulitokea nini. Pierre Janet, mwanasaikolojia Mfaransa, alishaonyesha zaidi ya miaka 100 iliyopita kwamba tiba ya kiwewe, yaani jeraha la nafsi, ina hatua: usalama kwanza, kumbukumbu baadaye. Ukichimba mapema, mtu anakwenda nyumbani akiwa vibaya kuliko alivyokuja. Kwa hiyo tunasoma kalenda ya ukutani, mwaka kwa sauti, anakanyaga sakafu ya baridi, anakunywa maji. Maana sehemu ya kitoto huamini bado ni wakati ule wa kuumizwa.

Nyumbani, tafadhalini: msimrekodi kwa simu, msiseme "tuitie yule mpole", msimfunge kamba. Wema huu haufuti wajibu lakini. Sehemu moja ikivunja sahani, mwenye mwili anaokota vigae vyake, bila kutukanwa.

Daftari moja la sehemu hizo kuachiana ujumbe husaidia sana, hata kama kurasa za mwanzo zitakuwa ugomvi mtupu kuhusu nani kamaliza vocha.

Akizungumzia kujiua au kujikata, siku hiyohiyo mpelekeni hospitali, na mwambieni daktari kwamba kuna saa nzima zinampotea asikumbuke alikuwa wapi. Wagonjwa wengi hawalisemi hilo mpaka waulizwe.