Kruzi kontroli kwenye gari la haibridi: inapookoa mafuta na inapoyamaliza

Tangu Daraja la J. P. Magufuli la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, maswali yanayoletwa kwenye dirisha letu la polisi la ukaguzi wa magari hapa Mwanza yamebadilika. Zamani dereva wa kwenda Sengerema au Geita alisimama Kigongo kusubiri kivuko, akazima gari, akanywa chai, akanunua na sato. Sasa anavuka Ghuba ya Mwanza kwa dakika chache na kuendelea na safari, na wengi wamegundua kile kijiti kidogo cha kruzi nyuma ya usukani, upande wa kulia, ambacho kwa miaka hawakuwa na sababu ya kukigusa. Baada ya siku chache wako dirishani: "Shikamoo afande. Nimeweka kruzi kutoka Usagara mpaka Geita, gari ni haibridi, mbona limekunywa mafuta kuliko nikizunguka Kirumba na Nyegezi?"

Marahaba. Gari lako, mara nyingi, halina ubovu wowote. Limefanya kile lilichotengenezwa kufanya, na wewe ndiye uliyeliagiza kwa kijiti.

Kazi ya kruzi ni moja tu, kushika mwendo uliouweka. Kuokoa mafuta kunatokea pale ambapo mguu wa dereva ungefanya vibaya zaidi. Na miguu yetu, tuseme ukweli, inafanya vibaya. Serikali ya Kanada huwaeleza madereva wake kwamba kupandisha na kushusha mwendo kati ya kilomita 75 na 85 kwa saa, kila baada ya sekunde 18, kunaweza kuongeza matumizi ya mafuta kwa asilimia 20. Keti pembeni ya dereva anayepiga stori njia ya Misungwi, uutazame mshale wake. Unapanda, unashuka, yeye mwenyewe hana habari. Huyo akiweka kruzi kwenye barabara iliyonyooka na tambarare, ataona faida. Dereva mtulivu ambaye mguu wake hauchezi ataona faida ndogo, au asione kabisa.

Sasa ongeza haibridi, yaani gari lenye injini ya mafuta na mota ya umeme pamoja, kwenye hesabu hiyo. Watu wengi wanaamini kuwa gari likiwa na betri kubwa basi safari ndefu ndiyo mahali pake. Ni kinyume. Haibridi hupata faida yake kubwa mjini, kwenye foleni ya Buhongwa na taa za Nyerere Road, kwa sababu kila unapopunguza mwendo mota inageuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri, na ukisimama injini inazimika. Barabara kuu haina kusimama kwingi, kwa hiyo kuna kidogo tu cha kurudisha. Marekani, ambako haibridi ndogo ya Toyota Aqua iliuzwa kwa jina la Prius c, vipimo vya serikali viliipa maili 53 kwa galoni mjini na 46 barabara kuu. Kwa lugha yetu ni kama kilomita 22.5 kwa lita mjini na 19.5 barabara kuu. Gari la kawaida la petroli hutoa picha ya kinyume chake. Ile kilomita 35.4 kwa lita ambayo dalali alikusomea ulipokuwa unaagiza Aqua ya mwanzo ilitoka kwenye kipimo cha Kijapani cha JC08, kinachofanyika maabara juu ya magurudumu ya kuzunguka. Maabara haina mlima wa Bugando.

Kuna jambo la pili ambalo halionekani kwa macho. Kwenye Toyota Prius za kizazi cha pili, ukivuka kama kilomita 67 kwa saa injini lazima izunguke, utake usitake. Kwenye kizazi cha tatu kikomo hicho ni kama 74. Inaweza kuzunguka bila kuchoma mafuta, lakini kile kipindi cha kwenda kwa umeme mtupu, ambacho ndicho ulichonunulia gari, kimekwisha. Halafu kuna upepo. Ukitoka kilomita 80 kwenda 100 kwa saa, mwendo umeongezeka kwa robo, lakini upinzani wa hewa umeongezeka kwa asilimia 56. Anayeweka kruzi kwenye 110 na kuja kutuuliza kwa nini haibridi yake inakunywa, tunamsikiliza kwa heshima, lakini jibu lilikuwa mbele yake kwenye dashibodi safari nzima.

Mlimani ndipo kruzi inapoonyesha ujinga wake. Wanaoendesha kutoka Mwanza kwenda Dar es Salaam wanaijua njia baada ya Igunga. Kwanza unapita tambarare ya Wembere, pana na iliyonyooka. Hapo kruzi inafaa kweli. Kisha Shelui, na mbele yako Sekenke. Kruzi haiuoni mlima. Inasubiri mwendo uanze kushuka, halafu inadai nguvu yote ili urudi palepale ulipoweka. Betri inasaidia kidogo mwanzoni. Lakini betri ya Aqua ni ndogo, haifiki hata uniti moja ya umeme wa LUKU, na kompyuta ya gari hairuhusu itumike yote. Ikishuka hadi kiwango chake cha chini, injini ya sisi 1500 inabeba kazi mbili, kupandisha gari na kuichaji betri. Utasikia inavyolia. Dereva mwenye akili hutoa kruzi kabla ya mlima, anaacha mwendo upungue taratibu kadiri anavyopanda, anafika juu na 65 badala ya 80, na hakuna aliyekufa kwa hilo. Asisahau tu malori yaliyo nyuma. Kama unazuia njia, kaa kushoto.

Kurudi, mteremkoni, kuna lalamiko jingine ambalo limewatia mafundi wetu kazi ya bure. Dereva anasema injini "inapaa yenyewe" Sekenke ilhali hakanyagi mafuta. Kinachotokea ni kwamba kruzi inashika mwendo kwa kutumia mota, mota inachaji betri, betri inajaa, na umeme ukikosa pa kwenda gari linauzungusha kwenye injini ili upotee. Injini inalia lakini haichomi mafuta. Usiuziwe kompyuta mpya kwa sababu hiyo.

Na kwa kuwa tumefika mteremkoni, acheni kupiga frii, yaani kuteremka gia ikiwa N. Kwenye haibridi za Toyota, ukiweka N betri haichaji kabisa, kwa hiyo unatupa kile kile unachodhani unakiokoa, na unabaki bila msaada wa injini kushika gari. Herufi B kwenye gia nayo si ya betri. Ni ya kushika gari kwa injini kwenye mteremko mkali na mrefu. Wapo wanaotembea na B kutoka Igoma mpaka mjini wakiamini wanachaji. Wanachoma mafuta. Mjini kaa kwenye D na upunguze mwendo mapema, kwa mguu mwepesi. Breki ya ghafla hupitiliza uwezo wa mota na kazi inahamia kwenye pedi za breki, ambazo hazirudishi kitu zaidi ya joto.

Barabara ya Magu hadi Lamadi inahitaji neno lake. Ni tambarare, inavutia kuweka kruzi, na ndiyo ambayo nisingependa uiweke kwa muda mrefu. Vijiji vimekaa barabarani, matuta yako kila penye shule na mnada, na ng'ombe wanavuka wakati wao, si wakati wako. Ukikaribia upande wa Serengeti hata wanyamapori wanavuka. Kruzi ya Toyota nyingi haikubali kuwekwa chini ya kama kilomita 40 kwa saa, na kila ukikanyaga breki kwa ajili ya tuta inajitoa. Kosa tunaloliona ni dereva kubonyeza kijiti cha kurudisha mwendo mara tu tairi za nyuma zinaposhuka tuta. Gari linakimbilia 80 kama limetumwa. Mafuta yanayoliwa pale yanafuta akiba yote uliyoipata tangu Kisesa. Panda kwa mguu kwanza, polepole, ukikaribia mwendo wako ndipo urudishe kruzi. Mvua za masika na vuli zikianza, itoe kabisa. Tairi ikipoteza mshiko juu ya maji, kruzi inaendelea kudai mwendo wake, nawe unapoteza sekunde ulizozihitaji.

Sasa tochi ya kupima mwendo, maana hili ndilo linalotuletea mabishano kila siku.

Mwendo wa juu kwenye makazi ni kilomita 50 kwa saa. Magari ya abiria na ya mizigo yenye uzito wa juu unaozidi kilo 3,500, nje ya makazi, ni 80. Gari dogo nje ya makazi lifuate vibao. Kruzi haibadilishi lolote kati ya hayo. Tunasikia utetezi wa "mimi sikukanyaga, ni kruzi". Kruzi haina leseni. Tena ujue kwamba kruzi ya kawaida haikanyagi breki za magurudumu. Kwenye haibridi inashika kwa mota tu, na mota ina kikomo. Ukiweka 50 juu ya mteremko unaoingia kijijini, unaweza kufika chini ukiwa na 56, na askari hakai juu ya mteremko, anakaa chini.

Ukisimamishwa, utaratibu ni huu. Askari mwenye tochi anachukua picha inayoonyesha gari na mwendo. Una haki ya kuiomba uione; iombe kwa adabu. Toa leseni. Kosa linaingizwa kwenye mashine na unapewa karatasi yenye kontroo namba. Faini ya papo kwa papo ni shilingi 30,000 kwa kosa, inalipwa kwa simu au benki kupitia namba hiyo, na si mkononi mwa askari. Ukiwa na makosa mawili, mwendo na tairi kipara kwa mfano, ni makosa mawili, usitegemee punguzo. Kama hukubali kosa, sema hapo hapo kwamba hukubali, utapelekwa mahakamani, na mahakama ina adhabu zake ambazo si lazima ziwe 30,000. Deni linakaa kwenye namba ya gari, kwa hiyo anayenunua gari la mkononi aangalie kwanza deni kwenye mfumo wa Polisi kabla ya kutoa hela. Tunawaona wengi wanaolia baadaye.

Kabla ya kuilaumu kruzi, tazama kiti cha nyuma. Kwenye Aqua betri iko chini ya kiti hicho, na pembeni yake kuna kitundu chenye matundu madogo ambapo feni inavuta hewa ya kuipoza. Tulifungua kimoja karibuni, gari la familia linalokwenda Ukerewe mara kwa mara: ndani palikuwa na vumbi jekundu lililogandamana na magamba ya dagaa, feni haisogei. Betri ikipata joto, kompyuta inapunguza matumizi yake na injini inafanya kazi ambayo mota ingefanya. Ukipakia ndoo za dagaa au magunia ya mchele mbele ya kitundu hicho, athari ni hiyo hiyo. Kisafishe, au mpe fundi anayejua haibridi akisafishe. Asiyejua asiguse, hasa nyaya za rangi ya machungwa, zina umeme wa kuua.

Kitengo hakipendekezi aina yoyote ya gari, na maelezo haya hayachukui nafasi ya kitabu cha gari lako. Najua kitabu chenyewe kimeandikwa kwa Kijapani.

Mwisho, namna ya kulalamika. Tarakimu ya dashibodi pekee haitoshi. Jaza tangi mpaka pampu ijikate yenyewe, andika kilomita au zirudishe sifuri, endesha, kisha rudi kwenye kituo kile kile, ikiwezekana pampu ile ile, ujaze tena mpaka ijikate. Gawa kilomita kwa lita. Fanya hivyo safari moja ukiwa na kruzi na nyingine bila kruzi, njia ile ile, mzigo ule ule, upepo wa matairi ukiwa sawa na kibandiko cha mlango wa dereva. Dai risiti ya mashine kila unapojaza. Ukishuku pampu inapunja, hiyo ni ya Wakala wa Vipimo; bei ikizidi bei kikomo inayotangazwa Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, au mafuta yakiwa na walakini, hiyo ni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, wana ofisi ya kanda hapa Mwanza. Kwetu lete gari lenyewe, leseni, kadi ya gari, risiti mbili na picha mbili za kilomita. Ukifika bila hivyo tutakusalimia vizuri na kukurudisha nyumbani, kwa sababu fomu ya ukaguzi haina mahali pa kuandika "linakunywa sana".