Moyo unasukuma, sasa nani anairudisha damu kutoka miguuni?

Mwezi uliopita alikuja dada mmoja wa saluni, yeye anasuka watu amesimama toka asubuhi mpaka saa mbili usiku, ikifika jioni miguu imejaa mpaka kandambili zinaacha alama, akaniambia "dokta, nahisi moyo wangu umechoka kuvuta damu". Mimi sio dokta, ni mtu wa fiziotherapia, ila hilo nilishaacha kulirekebisha siku nyingi. Kilichonishika ni hilo neno kuvuta, maana watu wengi ndo wanavyowaza, kwamba moyo unaisukuma damu ikienda halafu unaivuta irudi. Hapana. Kazi kubwa ya moyo ni kusukuma, kuvuta kwake ni kidogo sana.

Hebu tuanzie juu. Kila pigo moja, upande wa kushoto wa moyo unatoa damu kama mililita 70, yaani kama kile kikombe kidogo cha kahawa ya barazani. Kidogo eh? Sasa zidisha kwa mapigo 70 ya dakika moja, unapata karibu lita 5, dumu zima la mafuta ya kula, na damu yote ya mtu mzima ni hiyohiyo kama lita 5. Yaani ukiwa umekaa tu unasoma hapa, kila dakika dumu zima limezunguka mwili na kurudi, na upande wa kulia wa moyo nao umesukuma kiasi hichohicho kwenda kwenye mapafu.

Ikitoka moyoni kwenye ateri ina presha ya 120 hivi (ile namba ya juu wanayokusomea kliniki), ila njia inazidi kuwa nyembamba mpaka kwenye kapilari, ambako chembe nyekundu zinapita moja moja kama watu kwenye kichochoro cha uswahilini. Hapo ndo oksijeni inashuka na uchafu unapandishwa, na damu ikitokea upande wa pili kwenye vena (mishipa inayoirudisha damu moyoni) ule msukumo wa moyo umebaki kidogo mno.

Na vena zenyewe ni laini, zinatanuka, ndizo zinabeba zaidi ya nusu ya damu yako muda wote. Ukisimama bila kutikisika, uzito wa damu yote toka moyoni hadi chini unakalia vena za kifundo cha mguu, presha pale inafika kama 90. Damu inaendelea kurudi ndio, lakini vena zimejaa zimetanuka na maji yanaanza kuvujia kwenye nyama. Huo ndo uvimbe wa jioni.

Anayeokoa jahazi ni kigimbi. Vena kubwa za mguu zimepita katikati ya misuli ya kigimbi, ukipiga hatua misuli inazikamua, damu inaruka juu, na haiwezi kurudi kwa sababu ndani kuna valvu, vijimlango vinavyofunguka kuelekea moyoni tu. Ukitembea, ile 90 inashuka mpaka chini ya 30! Kuvuta pumzi ndani nako kunasaidia, maana kifua kinapanuka na tumbo linabanwa, ila bosi hapa ni kigimbi.

Hizi valvu zina kisa nakipenda. Mwalimu mmoja wa Padua kule Italia, Fabricius, alizichora kwenye kitabu mwaka 1603, akadhani kazi yake ni kupunguza kasi damu isijae miguuni. Mwanafunzi wake William Harvey ndiye aliyeona kwamba zote zinaangalia upande mmoja, na mwaka 1628 akaandika kwamba damu inazunguka. Jaribio lake unaweza kulifanya sasa hivi, funga kitambaa juu ya kiwiko kwa muda mfupi tu mishipa isimame, bana mshipa mmoja kwa kidole, kwa kidole kingine ikamue damu kuelekea juu mpaka upite kile kinundu kwenye mshipa (hapo ndo kuna valvu), halafu achia cha juu. Mshipa unabaki mtupu! Achia cha chini, unajaa hapohapo.

Ndo maana watoto wanadondoka mstarini shuleni, wamesimama wima juani, kigimbi kimelala, damu imebaki chini na ubongo umekosa. Twiga wetu angepata tabu zaidi, presha yake ni kama mara mbili ya yetu, ila ngozi ya miguu yake imekaza kama soksi za kubana za hospitali.

Nirudi kwa dada. Alishapimwa moyo na figo, viko sawa, na miguu ilikuwa imevimba yote miwili sawasawa. (Ukivimba mguu mmoja ghafla, unauma na una joto, usiukande, nenda hospitali siku hiyohiyo, huenda ni damu iliyoganda.) Nikampa machaguo mawili, soksi za kubana, au kunyanyua visigino mara ishirini kila akimaliza mstari mmoja wa nywele. Soksi alizicheka, joto hili la Dar! Akachukua visigino. Juzi kanitumia meseji, miguu imepungua kiasi, ila wateja wanamuuliza anacheza wimbo gani mbona redio imezimwa.