Pengo la uaminifu: maana yake katika siasa za vita

Pengo la uaminifu ni umbali uliopo kati ya maelezo ambayo serikali huwapa wananchi kuhusu jambo zito, hasa vita, na hali halisi ambayo wananchi hao wanaiona wenyewe au wanakuja kuijua kwa njia nyingine. Dhana hii ilienea nchini Marekani kuanzia mwaka 1965, waandishi wa habari wa Washington walipoitumia kumkosoa Rais Lyndon B. Johnson kwa namna alivyoviendesha na kuvieleza vita vya Vietnam. Haifai kuichanganya na upinzani dhidi ya vita vyenyewe. Mtu aliweza kuamini kwamba vita hivyo vilikuwa vya haki na bado akamlaumu rais kwa kuficha ukubwa wake na mwelekeo wake. Kwa sababu hiyo lawama hii ilimdhuru Johnson kuliko maandamano ya vyuo vikuu, kwani iliwakutanisha watu ambao katika mambo mengine hawakuwa na msimamo mmoja.

Mzizi wa pengo hilo uko katika Ghuba ya Tonkin, kwenye pwani ya Vietnam Kaskazini. Tarehe 2 Agosti 1964 boti za Vietnam Kaskazini ziliishambulia manowari ya Marekani iitwayo Maddox, na siku mbili baadaye ikaripotiwa kwamba Maddox na manowari nyingine, Turner Joy, zilikuwa zimeshambuliwa tena usiku. Kamanda aliyekuwa katika Maddox alituma ujumbe muda mfupi tu baada ya taarifa hizo, akieleza kwamba huenda hali mbaya ya hewa na mafundi wa mitambo ya kusikiliza chini ya maji waliokuwa na pupa ndivyo vilivyosababisha taarifa nyingi za usiku ule, na akashauri uchunguzi kamili ufanyike kabla ya hatua nyingine kuchukuliwa. Ushauri huo haukufuatwa. Usiku huohuo Johnson alilihutubia taifa kwa televisheni akitangaza mashambulizi ya kulipiza kisasi, na tarehe 7 Agosti azimio la kumruhusu atumie nguvu za kijeshi likapita kwa kura 416 bila pingamizi katika Baraza la Wawakilishi, na kwa kura 88 dhidi ya 2 katika Seneti. Waliopinga walikuwa Wayne Morse wa Oregon na Ernest Gruening wa Alaska. Wabunge hawakuelezwa shaka ya kamanda yule, na hawakuelezwa waziwazi kwamba boti za Vietnam Kusini, kwa msaada wa Marekani, zilikuwa zikiishambulia pwani ya kaskazini kwa siri siku hizohizo.

Katika kampeni za uchaguzi wa mwaka huo, Johnson aliwaahidi wapiga kura kwamba hatawapeleka vijana wa Marekani kupigana vita ambavyo Waasia walipaswa kujipigania wenyewe. Machi 1965 askari wa majini wapatao 3,500 walitua Da Nang, kwa maelezo kwamba wanakwenda kulinda uwanja wa ndege. Tarehe 6 Aprili hati ya siri ya Ikulu iliwaruhusu askari hao watoke ulinzini na kwenda kupigana, na hati hiyohiyo ikaagiza kwamba mabadiliko hayo yasitangazwe mapema bali yaonekane kama mwendelezo wa sera iliyokuwapo. Hapa utetezi wa kawaida, kwamba serikali iliyo vitani haina budi kutunza siri, haunishawishi hata kidogo. Wapiganaji wa upande wa pili wangekutana na askari hao uso kwa uso uwanjani. Waliobaki gizani ni wazazi wa vijana waliokuwa wakiandikishwa jeshini kwa lazima.

Kufikia mwisho wa mwaka 1967 askari wa Marekani nchini Vietnam walikuwa karibu nusu milioni. Waziri wa Ulinzi, Robert McNamara, alikwisha kumwandikia rais kwa siri mwezi Novemba kwamba kuendelea na mkondo uleule hakungeleta mafanikio. Hata hivyo, mwezi huohuo Jenerali William Westmoreland aliitwa nyumbani, akawaambia waandishi wa habari kwamba mwisho wa vita ulikuwa umeanza kuonekana. Miezi miwili na siku chache baadaye, mwishoni mwa Januari 1968, majeshi ya Vietnam Kaskazini na wapiganaji wa msituni walishambulia miji zaidi ya 100 wakati wa sikukuu ya mwaka mpya wa Tet, wakaingia hadi ndani ya ua wa ubalozi wa Marekani mjini Saigon. Kijeshi washambuliaji walipata hasara kubwa sana na hawakuishika miji hiyo kwa muda mrefu. Lakini mtazamaji wa televisheni nchini Marekani aliyeahidiwa kwamba adui anaishiwa nguvu alikuwa akiona kwa macho yake mapigano katika mji mkuu wenyewe.

Tarehe 12 Machi 1968, katika uchaguzi wa mchujo wa kumpata mgombea urais wa chama cha Johnson, Democratic, katika jimbo la New Hampshire, Seneta Eugene McCarthy, aliyesimama kwa ajenda ya kupinga vita, alipata takriban asilimia 42 ya kura za chama dhidi ya asilimia 49 za rais aliyeko madarakani. Utafiti wa baadaye ulionyesha kwamba miongoni mwa waliompigia McCarthy, waliomlaumu Johnson kwa kutopigana kwa nguvu zaidi walikuwa wengi kuliko waliotaka askari waondolewe. Mgombea wao hakuwa na sera waliyoitaka. Kilichowapeleka kwake ni kuchoshwa na rais ambaye maneno yake hayakuaminika tena. Tarehe 31 Machi Johnson alitangaza kwamba hatagombea.

Mwaka 1971 magazeti yalichapisha nyaraka za siri za Wizara ya Ulinzi zilizotolewa na Daniel Ellsberg, na mengi yaliyokuwa tuhuma yakathibitishwa kwa maandishi ya serikali yenyewe. Novemba 1973 Bunge lilipitisha, licha ya kura ya turufu ya Rais Richard Nixon, sheria inayomtaka rais kuliarifu Bunge ndani ya saa 48 anapoingiza majeshi vitani, na ayaondoe baada ya siku 60, zinazoweza kuongezwa 30 za kuyaondoa salama, ikiwa Bunge halijatoa idhini.