Pikipiki kuukuu ikianza kugonga: yanayosemwa vijiweni na yanayotokea ndani ya injini

Msimu wa korosho ukikaribia, vijiwe vya mafundi Masasi, Tandahimba na Nanyamba hujaa pikipiki zilizokwishapita mikono mitatu, minne. Kila mwenye chombo anataka kiwe tayari kabla minada haijaanza, na chombo chenyewe kinatoa mlio ambao mwezi uliopita haukuwepo. Hapo ndipo hela inapopotea. Mtu anaambiwa "injini imekufa" na fundi ambaye hajaangalia hata kiasi cha oili. Injini inashushwa, inafunguliwa, zinanunuliwa pistoni, ringi na konrodi (mkono wa chuma unaoshika pistoni kwa chini), na siku ikiwashwa mlio uko palepale. Kwa kijana wa pikipiki ya mkataba, ambaye bosi anasubiri hesabu yake kila jioni, pigo hilo haliishi upesi.

Mlio mwingi wa injini unaweza kutambuliwa kabla ya kulegeza nati hata moja. Tatizo ni yale tunayoyaamini kabla hatujasikiliza.

"Ikigonga, tatizo liko ndani ya injini"

Pikipiki iliyotembea miaka kwenye mchanga na makorongo ya huku kwetu ina vitu vingi vya kugonga ambavyo havimo ndani ya injini kabisa. Bolti zinazoshika injini kwenye fremu hulegea, na injini ikitikisika kidogo tu mlio wake hufanana na wa beringi iliyokufa. Cheni ya nyuma iliyolegea hupiga kava lake. Madigadi, stendi, bati la kukinga joto la ekzosi, kikapu cha mzigo, vyote hivyo hulia kwa mwendo fulani wa injini na kunyamaza kwa mwendo mwingine. Kwa hiyo kabla ya yote, zima injini, shika kila kinachoning'inia, kitikise. Halafu washa, ushike kimoja kimoja kwa mkono wenye kitambaa, uone kama mlio unabadilika.

Ekzosi naipa nafasi ya peke yake, kwa sababu ndiyo iliyowafungulisha watu injini bila sababu kuliko kitu kingine chochote nikijuacho. Pale bomba linapoingia kwenye silindahedi (kichwa cha silinda) kuna ringi laini ya gasketi na nati mbili. Hewa ya chumvi ya Mikindani, Lindi mjini au Kilwa Kivinje hula nati hizo mpaka zinashindwa kukaza. Moshi ukianza kuvuja pale, kila mlipuko hutoa "tik!" kali ambayo masikio huichukua moja kwa moja kuwa ni tapeti, yaani sehemu za kurekebishia pengo la valvu. Asubuhi injini ikiwa ya baridi mlio ni mkubwa. Chuma kikishapata joto na kutanuka, pengo linajiziba na mlio unapungua. Ukipanda mlima au kubeba abiria wawili, unarudi.

Ili kuhakikisha, chuchumaa mbele ya injini ikiwa ya baridi, uangalie kiungio kile. Masizi meusi yaliyotawanyika kwenye mapezi ya silindahedi yanatosha kuwa ushahidi. Kama huyaoni, paka maji ya sabuni kuzunguka kiungio, mwenzako apige kiki, utaona mapovu yakirushwa kabla joto halijayakausha. Ringi mpya na nati mpya, kazi imekwisha.

"Panaposikika ndipo palipoharibika"

Chuma husafirisha sauti. Kitu kinachogonga chini kwenye krenki, shafti kuu inayozungushwa na pistoni, kinaweza kusikika vizuri kabisa ukiwa umeweka sikio karibu na tangi. Ndiyo maana fundi mzuri hachukui bisibisi ndefu na kuiweka sikioni mpaka ameuliza kwanza.

"Mjomba, inalia ikiwa ya baridi au ikishachemka?"

"Ya baridi. Nikitoka nyumbani Magomeni inalia, nikifika Mkanaledi imenyamaza."

"Na ukibana klachi?"

"Klachi sijaangalia."

"Basi iwashe, iache sailensa, bila kuvuta mafuta, ubane taratibu tusikilize wote."

Maswali hayo yana thamani kuliko bisibisi. Pistoni inayocheza ndani ya bloku (silinda) iliyolika hugonga injini ikiwa ya baridi, "kwa-kwa-kwa" ya mlio mkavu, kisha hutulia pistoni inapotanuka kwa joto. Ikiwa hutulia ndani ya dakika chache na haili oili, mtu anaweza kuitumia muda mrefu huku akijiwekea akiba ya bloku. Mlio unaoanza baada ya injini kupata joto, oili ikishakuwa nyepesi, ni habari nyingine na nitaurudia huko chini.

Klachi nayo inasema mengi. Pikipiki ikiwa nyutro, kama mlio wa "karakara" unapotea ukibana klachi na kurudi ukiachia, acha kuifikiria pistoni. Tafuta kwenye ndoo ya klachi au beringi ya shafti ya gia. Kava la upande wa kulia linafunguliwa bila kugusa silinda.

Sikiliza na kasi ya mlio. Valvu hufunguka mara moja kwa kila mizunguko miwili ya krenki, hivyo tapeti hulia kwa nusu ya kasi ya injini. Krenki na konrodi hugonga kwa kila mzunguko. Sikio lililozoea hutofautisha ikiwa sailensa, na hata lisilozoea hutofautisha likiwekewa pikipiki mbili nzima na mbovu pembeni. Bisibisi ije baada ya hapo: ncha kwenye chuma, mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, ukihama kutoka kava la tapeti hadi bloku, kava la klachi, kava la magneti (gurudumu la sumaku la kuzalisha umeme), ukilinganisha. Mikono na nguo mbali na cheni.

"Hiyo ni taimingi cheni imelegea"

Kauli hii hutamkwa juu ya pikipiki ambazo hazina taimingi cheni, yaani cheni ya ndani inayozungusha kemshafti, shafti ya kufungua valvu. Nyingi ya pikipiki za Kichina za CC 125 na 150 zinazozeeka huku kusini zimetumia injini ya muundo wa Honda CG125, ambayo Honda waliitoa mwaka 1976 wakilenga nchi ambako pikipiki hubeba mizigo mizito na matengenezo huja kwa shida. Walichofanya ni kuiondoa cheni hiyo. Kemshafti imekaa chini, inazungushwa na gia iliyo kwenye krenki, na fito mbili za chuma hupanda kando ya silinda kusukuma roka, mikono midogo inayobonyeza valvu. Ukimlipa mtu akubadilishie taimingi cheni kwenye injini ya namna hii, umelipia kitu kisichokuwepo.

Kwenye injini hizo mlio wa juu ni wa tapeti au roka zilizolika, na mlio wa chini upande wa gia unaweza kuwa wa gia ya kemshafti au mguu wa kemshafti (uvimbe wake unaosukuma) uliochongeka. Mguu ukichongeka, utarekebisha tapeti leo na baada ya siku chache pengo limefunguka tena. Hiyo ndiyo alama ya kushika.

Bajaj Boxer na TVS HLX zina cheni kweli, na pale dhana hii inaweza kuwa sahihi. Angalia nyuma ya bloku: injini yenye cheni huwa na kikazio kilichofungwa kwa bolti mbili. Cheni iliyolegea, au kikazio kilichokwama, hutoa mchakacho wa "chaka-chaka" unaosikika zaidi ikiwa sailensa na pale unapoachia mafuta ghafla, ukitokea ubavuni mwa silinda cheni inapopita. Huo usiuache, kwa sababu cheni ikiruka meno valvu inaweza kukutana na pistoni. Lakini toa kikazio kwanza uone kama kinasukuma. Mara nyingine chenyewe ndicho kibovu na cheni bado ina maisha.

"Tapeti zikinyamaza, injini imepona"

Dhana hii inaharibu injini kimyakimya, na wanaoiendeleza ni mafundi wanaotaka mteja aondoke akitabasamu. Mteja analalamikia tiki-tiki, fundi anakaza tapeti mpaka sauti inapotea, wote wanaridhika.

Pengo la tapeti lipo kwa makusudi. Valvu ikipata joto inarefuka, na isipoachiwa nafasi haikai tena sawasawa kwenye kiti chake. Valvu ya ekzosi ndiyo inayoumia, kwa sababu hupoza joto lake kwa kugusa kiti kila inapojifunga. Isipogusa vizuri, ukingo wake unaungua, kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) inavuja, na dalili zinafuatana: kiki inakuwa nyepesi mguuni, kuwaka kunasumbua, sailensa haikai, inapigapiga kwenye ekzosi. Na tena, viti vya valvu vikilika pengo hupungua lenyewe mwaka hadi mwaka. Pikipiki kuukuu ambayo zamani ilikuwa na tiki-tiki kidogo na sasa imekuwa kimya bila mtu kuigusa inahitaji kupimwa upesi kuliko ile inayolia.

Kipimo cha CG125 ni milimita 0.08 kwa valvu zote mbili, injini ikiwa ya baridi. Nyingine huwa karibu na hapo, kati ya 0.05 na 0.10, na namba ya pikipiki yako iko kwenye kitabu chake. Ipime asubuhi kabla haijawashwa. Toa plagi, zungusha magneti kinyume cha saa mpaka alama ya T ilingane na alama ya kwenye kasha, kisha tikisa roka. Zote mbili ziwe na mchezo kidogo. Moja ikiwa imebana, pistoni iko juu kwa mzunguko usio wa kompresheni, hivyo zungusha tena mara moja. Fila geji, kibati chembamba cha kupimia pengo, ipite huku ikikwaruza kidogo. Ukikaza nati ya kufungia, pima upya, maana skrubu hupenda kuzunguka nayo. Baada ya hapo tiki-tiki nyepesi ikibaki, iache ibaki.

"Weka oili nzito, itatulia"

Itatulia kweli, kwa sababu oili nzito inaziba pengo na kuficha sauti. Chuma kilicholika kinabaki kimelika, na oili hiyo huchelewa kufika juu kila asubuhi unapowasha, wakati ambao roka na kemshafti zinaihitaji kuliko wakati wote. Kwanza pima kiasi. Injini hizi hubeba takribani lita moja tu, na kuukuu nyingi huchoma kidogo kidogo bila moshi wa kutisha, kwa hiyo mlio wa tapeti unaweza kuwa njaa tu ya oili. Simamisha pikipiki wima mahali tambarare, futa kijiti cha kupimia oili, na kwa injini za Honda na nakala zake kiingize bila kukizungusha.

Kuhusu chupa, tafuta maandishi JASO MA au MA2, alama za kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki. Klachi ya pikipiki huogelea ndani ya oili ileile ya injini, na baadhi ya oili za magari zina viambato vya kupunguza msuguano vinavyoifanya iteleze.

Wakati wa kumwaga oili kuukuu, ipitishe kwenye kitambaa cheupe na upitishe sumaku. Unga mwembamba wa kijivu ni wa kawaida kwa injini ya umri huo. Vipande vinavyoonekana kwa jicho vina maana: vinavyonaswa na sumaku ni gia au beringi, vyeupe visivyonaswa mara nyingi ni pistoni au kasha.

"Inalia mlimani kwa sababu imechoka"

Mlio mwembamba kama misumari inayotikiswa koponi, unaokuja ukipanda Newala kutokea upande wa Masasi huku umepakia, mara nyingi ni mafuta kulipuka kabla ya wakati. Joto, kaboni kichwani, mpira wa kabureta unaonyonya hewa, au gia kubwa na mwendo mdogo. Rudisha gia moja. Ukipotea papo hapo, kagua mpira huo na plagi kabla ya kingine chochote.

"Almradi inatembea, tumalizie msimu"

Upo mlio mmoja wa kuuogopa. Ni mzito, "ko-ko-ko" kutoka chini, unazidi injini ikichemka, unazidi ukivuta mafuta chini ya mzigo, na unausikia nyayoni kabla ya masikioni. Hiyo ni beringi ya konrodi upande wa krenki. Inathibitishwa bila kufungua injini: toa plagi, weka nyutro, ingiza mrija mrefu wa plastiki ukae juu ya pistoni, ushike usidondoke, zungusha nati ya magneti mpaka pistoni ifike katikati ya mwendo wake, kisha ipeleke mbele na kuirudisha kidogo kidogo. Nati ikisogea huku mrija umesimama, na ukasikia "tok" kila unapogeuza, kuna mchezo usiotakiwa kwenye konrodi, ama chini ama kwenye pini ya pistoni.

Usiiendeshe tena, hata kutoka Mnazi Mmoja hadi Mtama. Konrodi ikikatika hutoboa kasha, na injini ikijifunga ghafla tairi la nyuma nalo linaweza kujifunga, na nyuma yako kuna abiria. Ipakie kwenye guta. Ikifika mapema, krenki hutenganishwa kwa presi, ikawekwa konrodi mpya na beringi yake, na kasha likaendelea. Hakikisha tu aliyeipiga presi ameizungusha na kuipima kama imenyooka kabla ya kuifunga, kwa sababu krenki iliyopinda italeta mtetemo na kuziua beringi mpya za pembeni.