Chupa za plastiki, jua na gesi ya haidrojeni: watu wanavyosema na ukweli ulivyo

Kuna njia ya maabara ya kutoa haidrojeni, gesi inayoweza kuendesha gari, kwa kutumia plastiki, maji na mwanga wa jua, na kwenye posti za mitandaoni watu wanaisemea hivi. "Iache plastiki juani itoe haidrojeni." Hapana jamani. Ukiiacha juani inapauka, inakakamaa, halafu inakatikakatika vipande hadi havionekani kwa macho, basi. Kazi inafanywa na kichocheo, yaani unga unaonasa mwanga, mwanga unarusha elektroni, yaani chembe ndogo za umeme, zile elektroni zinageuza maji kuwa haidrojeni, na pale zilipotoka panabaki pengo linalozibwa kwa kunyang'anya elektroni za vipande vya plastiki. Kwa hiyo gesi inatengenezwa kwenye maji, plastiki inatoa tu elektroni kirahisi kuliko maji yangezitoa yenyewe.

"Kwani si wanaichoma tu?" Wala. Kuna njia ya kupika plastiki bila hewa kwa mamia ya nyuzi joto ikatoa mafuta, hiyo ni kitu kingine kabisa. Hii ya jua inafanyika kwenye joto la kawaida.

"Plastiki yoyote inafaa." Hapa ndo watu wengi wanapigwa chenga. Chukua chupa ya maji, igeuze, chini utaona pembetatu ya mishale yenye namba 1, hiyo ni PET. Sasa angalia kifuniko chake, mara nyingi hicho sio PET, ni poliethilini au polipropilini, na rambo tulizopigwa marufuku Tanzania tarehe 1 Juni 2019 nazo ni poliethilini. PET ina viungo ambavyo kemikali inaweza kuvikata, poliethilini ni mnyororo wa kaboni tupu, unakata wapi? Kwa hiyo majaribio mengi yanayosifiwa ni ya PET na zile plastiki za mahindi zinazoitwa PLA.

Na hata PET haiingii kavukavu. Mwaka 2018 timu ya Erwin Reisner pale Cambridge, Uingereza, iliiweka kwenye maji yenye kostiki, hiyohiyo ya watengeneza sabuni, ila kali kwelikweli, gramu 400 hivi kwa lita. Kostiki inaivunja PET vipande viwili, kimoja ni ethilini glaikoli, hicho ndo kinaliwa, yaani ndo kinanyang'anywa elektroni, kingine kinabaki palepale kwenye maji bila kuguswa. Hakuna anayeweka hilo kwenye posti bana.

"Lazima ioshwe iwe safi." Hiyo nayo sio kweli, na ni uzuri wa njia hii. Moritz Kuehnel wa Chuo Kikuu cha Swansea, aliyekuwa kwenye kazi hiyo, alieleza kwamba mafuta ya majarini yaliyobaki kwenye kopo hayazuii kitu, yanasaidia hata.

"Ni nishati safi asilimia mia." Taratibu. Kichocheo cha 2018 kilikuwa na kadimiamu, sumu hiyo, ndo maana 2019 timu hiyohiyo ikaja na kingine cha kaboni na naitrojeni kikisaidiwa na nikeli. Na kostiki nayo inatengenezwa kiwandani kwa umeme, so uulize huo umeme umetoka wapi.

"Ni uvumbuzi wa juzi." Wajapani wawili, Kawai na Sakata, walichapisha kitu hiki 1981, wakatoa haidrojeni kwa kutumia plastiki ya PVC, mwani, wadudu waliokufa na mavi. Nyie endeleeni kusema ni ya jana.

Halafu kuna hii ya kwamba kesho tutajaza magari kwa chupa za jalalani. Tupige hesabu. Chupa ya gramu 20, glaikoli yake yote ikiliwa hadi mwisho bila kupotea hata tone, inatoa haidrojeni gramu 1 hivi. Toyota Mirai, gari linalotumia haidrojeni, inabeba kilo 5.6. Hapo unahitaji chupa zaidi ya 5,000 kwa tenki moja, tena hiyo ni hesabu ya karatasini, kwenye vichupa vya maabara inatoka kidogo sana na taratibu. Kwa maoni yangu pesa ya kazi hii itatoka zaidi kwenye mabaki kuliko kwenye gesi, maana glaikoli ikiliwa nusunusu inaacha vitu kama chumvi za asidi ya fomiki, na asidi ya fomiki ina wanunuzi tayari, viwanda vya ngozi na vya chakula cha mifugo wanaitumia.